Kalsiamu Ikishaondoka: Mhadhara juu ya Chumvi katika Maji ya Bonde la Ufa

 

Mezani hapa nina vyombo vitatu vya kioo. Cha kwanza kina maji ya magadi, magadi yale yale ya sokoni tunayotia kwenye makande na maharage. Nimeyakoroga, nikayachuja kwa kitambaa hadi yakang'aa. Cha pili kina maji ya chokaa: chokaa ya kupaka kuta imekorogwa majini, ikaachwa itulie, kisha maji ya juu yakamiminwa taratibu. Ukivitazama vyote viwili, hutavitofautisha na maji ya kunywa. Sasa nayachanganya katika chombo cha tatu. Mlioko mbele mnaona wenyewe: maji yamegeuka meupe pepepe, na baada ya dakika chache unga utaanza kushuka chini.

Unga huo haukuwemo katika chombo cha kwanza wala cha pili. Ni kabonati ya kalsiamu, kitu kile kile kilichojenga matumbawe, maganda ya konokono na mawe ya kuta za Mji Mkongwe. Umezaliwa hapa mbele yenu, sekunde ile maji yalipokutana. Na kilichobaki katika maji ya juu si magadi tena wala chokaa tena. Ni soda kali, ile inayochemshwa na mafuta kutengeneza sabuni, na kwa hiyo naomba mtoto yeyote asije akachovya kidole.

Nimeanza na jaribio hili kwa sababu lina hoja yangu yote ya jioni hii. Tumezoea kuuliza ni chumvi gani imeingia katika maji. Mimi nadai kwamba swali lenye uzito zaidi ni chumvi gani imetoka. Kwa nini Ziwa Natron halikuwa bahari ndogo, kwa nini magadi hulainisha maharage, kwa nini watoto wa vijiji fulani chini ya Mlima Meru huota meno ya kahawia: majibu yote hayo yanaanzia kwenye kalsiamu iliyozama na kuyaacha maji bila ya kalsiamu.

Tuijenge hoja kuanzia msingi. Katika kemia, chumvi ni kile kinachopatikana asidi inapokutana na besi na zikatulizana. Asidi ya haidrokloriki peke yake huunguza. Soda kali nayo huunguza. Zichanganye kwa kiasi kinacholingana, utapata maji na chumvi ya kula, basi. Kwa kanuni hiyo magadi ni chumvi, jasi ya mbao za dari ni chumvi, shabu inayotumika kusafisha maji machafu ni chumvi, na sehemu ngumu ya mifupa yetu ni chumvi pia, ya kalsiamu na fosfeti. Hii ya mwisho naomba mwiweke akilini, maana tutairudia.

Ila chumvi nyingi za dunia hazikutengenezwa katika maabara. Zilianza na mvua. Maji ya mvua yakipenya udongoni hukuta hewa ya kabonidioksidi iliyotolewa na mizizi na vijidudu, nayo ikiyeyuka humo huyafanya maji kuwa asidi dhaifu, dhaifu kuliko siki kwa mbali sana. Udhaifu huo haujalishi, kwa sababu muda upo. Asidi hiyo hula mwamba kwa maelfu ya miaka, ikichomoa sodiamu hapa, kalsiamu pale, magnesiamu kwingine. Na yenyewe, baada ya kutulizwa na mwamba, hubaki majini kwa umbo la bikabonati. Kila mto unaopita Arusha umebeba mazao ya mapigano hayo. Tunayaita maji baridi, na ni kweli hayana ladha ya chumvi, lakini hakuna mto usio na chumvi ndani yake.

Hapa panahitaji usahihi, na usahihi wenyewe ulipatikana kwa shida. Mwaka 1884 kijana wa Uswidi, Svante Arrhenius, aliwasilisha tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Uppsala kuhusu namna maji yenye chumvi yanavyopitisha umeme. Wazo lililotokana na kazi hiyo lilikuwa kwamba chumvi ikiyeyuka majini hugawanyika yenyewe, bila kusubiri umeme, kuwa vipande vyenye chaji: vingine chaji chanya, vingine hasi. Vipande hivyo vilikuwa vimekwisha kupewa jina la ioni na Michael Faraday miaka hamsini kabla. Watahini wa Arrhenius hawakuridhika. Walimpa alama ya chini. Pingamizi la wakati ule halikuwa la kijinga. Sodiamu ni metali inayowaka ikigusa maji, na klorini ni gesi ya sumu. Vipi basi mtu aseme kwamba ndani ya glasi ya maji ya chumvi sodiamu na klorini zimetengana na kila moja inaelea kivyake, na sisi tunayanywa bila kudhurika? Jibu ni kwamba atomi ya sodiamu iliyokwisha kupoteza elektroni moja haina tena tabia ya ile metali, na klorini iliyoipokea elektroni hiyo haina tena tabia ya ile gesi. Mwaka 1903 Arrhenius alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Miaka kumi baadaye, Waingereza William Bragg na mwanawe Lawrence, wakitumia miale ya eksirei, walionyesha kwamba hata katika punje kavu ya chumvi hakuna jozi ya sodiamu na kloridi iliyofungamana peke yake. Kila sodiamu imezungukwa na kloridi sita, na kila kloridi imezungukwa na sodiamu sita, hivyo hivyo hadi ukingoni mwa punje.

Maana yake ni kubwa. Ukitia majini kijiko cha magadi na kijiko cha chumvi ya kula, halafu ukauliza ni sodiamu ipi iliyotoka kwenye magadi na ipi iliyotoka kwenye chumvi, swali lako halina jibu. Maji hayana kumbukumbu hiyo. Yana sodiamu, yana kloridi, yana kabonati, na kila ioni iko huru kukutana na yoyote. Chumvi hujulikana tena zinapotoka majini, na si lazima zitoke zile zile zilizoingia.

Zinaingiaje? Molekuli ya maji imepinda, na upande wake wa oksijeni una chaji hasi kidogo huku upande wa haidrojeni ukiwa na chaji chanya kidogo. Molekuli hizi huizunguka punje ya chumvi na kuibomoa kama ukuta unaobomolewa tofali moja moja: upande hasi wa maji unaivuta sodiamu, upande chanya unaivuta kloridi, na kila ioni inayong'olewa huvikwa maji pande zote ili isirudi. Lakini ukuta nao unavuta. Ni shindano kati ya mvuto wa ioni kwa ioni na mvuto wa maji kwa ioni, na mshindi hutofautiana kwa chumvi na chumvi.

Tofauti zake ni za kushangaza. Lita moja ya maji huweza kuyeyusha chumvi ya kula takriban gramu 360. Lita hiyo hiyo huyeyusha jasi gramu mbili na nusu hivi. Kabonati ya kalsiamu, ikiwa maji ni safi yasiyo na kabonidioksidi, haifiki hata miligramu 20. Na floridi ya kalsiamu ni miligramu 16 hivi tu. Tazameni chaji. Sodiamu ina chaji moja, kloridi moja. Zinashikana, lakini si kwa nguvu ya kuyashinda maji. Kalsiamu ina chaji mbili, kabonati mbili. Zikishikana, maji hayafui dafu. Floridi ina chaji moja, lakini ni ioni ndogo sana, na udogo huo huiwezesha kuisogelea kalsiamu kwa karibu na kushikamana nayo barabara. Ndiyo maana kalsiamu ndiyo mhusika mkuu wa mhadhara huu. Ni ioni inayopenda kutoka majini, na ikitoka haitoki peke yake.

Wenzetu wa pwani wataniuliza: kama kabonati ya kalsiamu haiyeyuki, mapango ya Amboni kule Tanga yalichimbwa na nani? Yalichimbwa na maji, kwa msaada wa ile kabonidioksidi ya udongoni. Hewa hiyo huigeuza kabonati kuwa bikabonati, na bikabonati ya kalsiamu huyeyuka kwa mamia ya miligramu kwa lita. Ndivyo maji ya visima vingi vya Unguja, yanayopita kwenye mawe ya matumbawe, yanavyokuwa magumu: sabuni haitoi povu kwa sababu kalsiamu inalikamata fungu la mafuta la sabuni na kulifanya utando. Chemsha maji hayo, kabonidioksidi inafukuzwa, bikabonati inarudi kuwa kabonati, na ganda jeupe linashika ndani ya birika. Pango la Amboni na ganda la birika ni tukio moja linalokwenda mbele na kurudi nyuma.

Sasa twende kwenye majaruba ya chumvi, maana mafundi wake wanaijua kemia hii kwa mikono. Kuanzia Gongoni na Marereni huko Kilifi hadi Bagamoyo, Lindi na Mtwara, maji ya bahari hupitishwa jaruba hadi jaruba jua likiyakausha. Kila kilo ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi za kila aina, nazo hazitoki kwa pamoja. Kabonati ya kalsiamu hutangulia, kidogo tu. Maji yakibaki takriban moja ya tano, jasi huanza kutulia. Yakibaki kama moja ya kumi ndipo chumvi ya kula inapoganda, na hapo ndipo fundi anapotaka maji yake yawe yamefika jaruba la mwisho, baada ya kuiacha jasi nyuma. Kisha lazima ayamwage maji machungu yanayosalia kabla hayajakauka, kwa kuwa yamejaa magnesiamu. Chumvi iliyovunwa na mtu mwenye haraka ndiyo ile inayolowa na kugandamana kwenye kopo wakati wa masika: kloridi ya magnesiamu ndani yake inavuta unyevu wa hewa. Fundi wa majaruba anatenganisha chumvi kwa kuzipa nafasi ya kuondoka kila moja kwa zamu yake, na sijaona maelezo ya vitabuni yaliyo wazi kuliko matendo yake.

Basi tulinganishe. Bahari ikikauka hutoa chumvi ya kula. Maji ya mito ya Bonde la Ufa yakikauka hutoa magadi. Zamani ilidhaniwa kwamba tofauti hiyo lazima itokane na maji yaliyokuwa tofauti sana tangu mwanzo. Mwaka 1970 wanajiolojia wawili waliokuwa Marekani, Lawrence Hardie na Hans Eugster, walieleza kwa hesabu kwamba tofauti ndogo mno yatosha. Eugster alikuwa amelichunguza Ziwa Magadi lenyewe, na huko ndiko alikoeleza madini ambayo hayakuwa yamejulikana, yakapewa jina la magadiaiti.

Hesabu yao naweza kuifanya hapa bila ubao. Chukua maji ya mto yenye kalsiamu ya chaji 100 na bikabonati ya chaji 110. Yakauke polepole. Chumvi ya kwanza kufikia kikomo chake ni kabonati ya kalsiamu, nayo huchukua kalsiamu moja kwa kila fungu la kabonati linaloilingana. Inaendelea kuzama hadi kalsiamu iishe. Zimebaki chaji 10 za kabonati, na hakuna tena wa kuziondoa. Kuanzia hapo, kila tone linalokauka huzidisha makali ya kabonati hiyo, ikiwa pamoja na sodiamu, na mwisho wake ni magadi. Sasa geuza: kalsiamu 110, bikabonati 100. Safari hii kabonati ndiyo inayoisha, kalsiamu inabaki, itakutana na salfeti na kuwa jasi, kisha chumvi ya kula itafuata. Bahari iko upande huu wa pili: ina kalsiamu nyingi kuliko bikabonati, mara kadhaa. Mito miwili iliyokaribiana hivyo, ambayo ulimi hauwezi kuitofautisha, inaishia kwenye maziwa mawili yasiyo na udugu wowote.

Mfano wa upande wa pili tunao hapa hapa nchini. Chemchemi za Uvinza, karibu na mto Malagarasi mkoani Kigoma, hutoa maji mazito ya chumvi ya kula. Mwaka 1967 watafiti John Sutton na Andrew Roberts walichimba pale na kukuta mabaki ya uchemshaji wa chumvi wa zaidi ya miaka elfu moja. Chumvi ya Uvinza ilisafirishwa mbali kuzunguka Ziwa Tanganyika kwa sababu ilikuwa chumvi ya kula hasa. Maji yale hayakukutana na miamba yetu ya volkano.

Na miamba yetu ndiyo iliyotupeleka upande wa magadi. Lava za Bonde la Ufa la Mashariki, sehemu kubwa, zina sodiamu tele na kalsiamu haba. Asidi dhaifu ya mvua inapozila, kila bikabonati inayozaliwa hupata sodiamu pembeni yake badala ya kalsiamu. Mizani imeinama kabla mto haujafika ziwani.

Kisha upo Ol Doinyo Lengai. Duniani kote, huo ndio mlima pekee wa volkano ulio hai unaotoa lava ya kabonati ya sodiamu. Lava yake ina joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, karibu nusu ya joto la lava za kawaida, na hutiririka kwa wepesi ikiwa nyeusi. Ndani ya muda mfupi tangu ikutane na unyevu, hugeuka nyeupe. Moja ya madini yake makuu yalipewa jina la Mwalimu Nyerere: nyerereaiti, kabonati ya sodiamu na kalsiamu pamoja. Watu wachache nchini wanajua hilo, na mimi natamani lingefundishwa kila shule ya sekondari, kwa sababu madini hayo ni somo zima la kemia katika jiwe moja. Mvua ikiyapata, sodiamu huondoka na maji, kalsiamu hubaki palepale kama kabonati isiyoyeyuka. Mgawanyo ule ule tunaoukuta ziwani umeanzia mlimani, juu ya lava ambayo haijafikisha hata mwaka.

Chini yake liko Ziwa Natron, lenye kina kisichofika mita tatu, likilishwa na Ewaso Ng'iro kutoka Kenya na chemchemi za moto zinazolizunguka, wala halina njia ya kutokea. Jua ndilo mlango wake. Ukali wa maji yake hupita pH 10. Kaskazini yake, ng'ambo ya mpaka, Ziwa Magadi limekauka kiasi cha kuwa sakafu ya trona, yaani kabonati na bikabonati ya sodiamu zilizoganda pamoja na maji, na huchimbwa kibiashara tangu mwanzoni mwa karne ya ishirini. Trona ikipashwa moto hutoa maji na kabonidioksidi, inabaki soda inayokwenda viwanda vya vioo na sabuni.

Natron si ziwa la kifo. Samaki wadogo wa jamii ya perege wanaishi kandokando ya chemchemi hizo za moto, na miili yao hutoa taka ya naitrojeni kwa umbo la urea, tofauti na samaki wengi wanaotoa amonia, kwa kuwa katika maji makali namna ile amonia isingetoka mwilini. Heroe wadogo, wengi wa walioko duniani, huzaliwa Natron. Mwaka 2013 picha za mpiga picha Nick Brandt zilienea zikionyesha ndege na popo waliokauka wakiwa wamekaa juu ya matawi, na habari ikasambazwa kwamba ziwa linageuza wanyama kuwa mawe papo hapo. Halifanyi hivyo. Mpiga picha aliwaokota wakiwa wamekufa ufukweni, akawapanga. Kilichowahifadhi ni soda, ambayo hunyonya maji ya mwili na kuzuia kuoza. Wamisri wa kale walikausha maiti za wafalme wao kwa chumvi ya aina hiyo hiyo.

Nafika sasa mahali panaponiuma.

Miamba yetu ya volkano ina floridi pia. Katika nchi nyingi floridi haifiki mbali: inakutana na kalsiamu, inakuwa floridi ya kalsiamu, inazama. Kwetu kalsiamu imekwisha kuondoka, imechukuliwa na kabonati. Floridi inaachwa majini bila wa kuishika, na maji yanavyozidi kukauka inazidi kulimbikizana, hadi katika maziwa ya Momela, ndani ya hifadhi yetu ya Arusha, inapimwa kwa mamia ya miligramu kwa lita. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5. Tanzania kwa miaka mingi ilivumilia hadi 8, baadaye 4, kwa kuwa vyanzo vingi mno vingefungwa. Leo kiwango chetu nacho ni 1.5. Vijiji vya Arumeru, Maji ya Chai kikiwemo, vimeishi na maji yanayopita kiwango hicho mara nyingi.

Sasa kumbukeni niliyosema juu ya mifupa. Jino na mfupa ni chumvi ya kalsiamu. Floridi iliyokosa kalsiamu mtoni inaikuta ndani ya mwili wa mtoto. Mtoto anapokunywa maji haya katika miaka ambayo meno yake ya ukubwani yangali yakijengeka ndani ya fizi, floridi inavuruga ujenzi huo, na jino linapochomoza lina mabaka ya kahawia ambayo mswaki hautayaondoa kamwe. Ikizidi sana na kudumu, inaingia mifupani: miguu inapinda, viungo vinakaza. Nimewasikia watu wakiwaita watoto hao wachafu. Hawana uchafu wowote. Wamefanyiwa na maji kile ambacho kemia ya maji hayo ingefanya kwa mtoto wa yeyote kati yetu.

Kuchemsha hakusaidii. Mvuke unaondoka, floridi inabaki, na kinachosalia sufuriani ni kikali kuliko kilichoingia. Magadi nayo yana sehemu yake. Yanalainisha maharage kwa sababu kabonati inaipokonya kalsiamu iliyokuwa inashikilia kuta za chembe za punje, na ukali wake unaivunja gundi iliyo kati ya chembe hizo. Ni kuni chache, nami najua bei ya mkaa. Lakini magadi ya kuokotwa ardhini hukauka pamoja na floridi yake, na uchunguzi umekuta meno ya kahawia hata mahali ambapo maji ya kunywa ni mazuri, kwa sababu ya magadi ya jikoni. Kwa mama mwenye mtoto mdogo, ushauri wangu ni kuloweka maharage usiku kucha na kuyaacha magadi.

Mwanafunzi makini ataniuliza kwa nini tusirudishe kalsiamu iliyoondoka. Tutie chokaa, floridi izame. Ni swali zuri, na hesabu yake inatukatalia mara mbili. Kwanza, floridi ya kalsiamu yenyewe huyeyuka miligramu 16 kwa lita, ambazo ndani yake floridi ni karibu 8. Ili kushuka hadi 1.5 itabidi maji yajae kalsiamu ya ziada, zaidi ya miligramu 200 kwa lita. Pili, katika maji yetu kabonati iko tayari inangoja. Kalsiamu utakayotia itakamatwa na kabonati kwanza, kama mlivyoona hapa mezani, na floridi itabaki ilivyo. Wahindi walibuni njia ya Nalgonda, ya kutia shabu pamoja na chokaa ili utando mzito wa utelezi uzame pamoja na floridi. Inafanya kazi, ila hutaka dawa nyingi, kipimo cha kila siku na mtu wa kukisimamia, na kijijini mtu huyo ndiye anayekosekana.

Kilichofaa zaidi hapa ni mkaa wa mifupa, ambao kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeushughulikia kwa miaka mingi. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwa hewa kidogo, kwenye joto la nyuzi 400 hadi 500 hivi. Chini ya hapo maji hunuka na kubadilika rangi, juu sana mkaa hupoteza uwezo. Maji yanapopita ndani yake, floridi huingia katika chumvi ya mfupa na kuchukua nafasi ya ioni ya haidroksidi. Ni tendo lile lile ambalo floridi hulifanya katika mifupa ya mtoto, ila sasa linafanyika ndani ya ndoo. Watu wengine huuliza mifupa ni ya mnyama gani na alichinjwa vipi. Wanayo haki ya kuuliza, na anayeuza chujio anapaswa kuwajibu waziwazi.

Chujio hilo linajaa. Nafasi za kubadilishana zikiisha, floridi inapita, nayo haina ladha, haina harufu, haina rangi. Mwezi wa kwanza na mwezi wa mwisho wa chujio maji huonekana sawa. Kwa hiyo kamati ya maji inayonunua mtambo na isinunue vipimo imenunua nusu ya kazi. Vivyo hivyo kwa visima: viwili vya kijiji kimoja, vilivyotenganishwa na mwendo wa dakika chache, vinaweza kutofautiana sana, kimoja kikipita kwenye majivu ya volkano na kingine kikikwepa. Kabla bomba halijawekwa, apelekwe mtu maabara na chupa mbili, na aombe vipimo viwili kwa pamoja, floridi na kalsiamu. Penye kalsiamu nyingi, floridi mara nyingi ni haba. Penye kalsiamu karibu na sifuri, maji yawe maangavu kiasi gani, mtoto asipewe kabla kipimo cha floridi hakijarudi.